Maiti Aliyepumua

Gazetini walimwita Bi Mkasi, na jina lenyewe alijipachika mwenyewe siku mhariri wa burudani alipomwomba aandike maoni ya filamu kila Jumamosi. Kazi yake ya kila siku ilikuwa nyingine kabisa. Alikaa kwenye meza iliyobanwa kati ya kabati na dirisha, akisahihisha lugha ya waandishi wenzake, akirudisha herufi zilizopotea na kufukuza zilizoingia bila kualikwa. Ni kazi ya mtu asiyeonekana. Habari ikitoka safi, anasifiwa aliyeiandika. Ikitoka na kosa, anaulizwa yeye. Basi alipopewa kile kisanduku kidogo chini ya ukurasa wa burudani, akaambiwa aandike kuhusu filamu za kusisimua, za kutisha na za maisha ya watu, kwa mistari michache tu kila moja, alijiona kama mtu aliyekabidhiwa kipaza sauti baada ya kukaa bubu miaka mingi.

Na alikitumia. Kuhusu filamu moja ya kusisimua aliandika: "Jambazi anakimbizwa saa nzima wala hatoki jasho. Niliyelowa ni mimi, maana feni ya ukumbi ilikuwa imekufa." Kuhusu ya maisha: "Mke analia, mume analia, jirani anakuja kulia. Aliyeshona mapazia ya ile sebule ndiye pekee aliyefanya kazi yake." Watu wakacheka, wakatuma ujumbe, wakataka zaidi. Mhariri akamwambia kuna wanaonunua gazeti la Jumamosi kwa ajili ya kile kisanduku tu. Huenda alikuwa anatia chumvi, lakini Bi Mkasi aliamini, na kila wiki akaunoa ulimi zaidi kidogo.

Nyumbani aliyejua siri hiyo ni mume wake peke yake. Mwanzoni alimkataza asiseme kwa sababu ya kuona haya. Baadaye kwa sababu ya kunogewa. Hapakuwa na raha kama kukaa sebuleni kwa mama mkwe, kikombe cha chai mkononi, watu wakivunjika mbavu kwa maneno yako na wewe umejifanya hamnazo.

Msomaji wake mkubwa alikuwa wifi yake, dada wa mume, fundi wa nguo za kike mwenye duka dogo karibu na kituo cha mabasi. Wifi hakumsoma Bi Mkasi kimya kimya. Alisimama katikati ya chumba, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akapandisha nyusi, akatoa sauti ya puani. "Sikilizeni huyu mwanamke anavyoua!" alisema, kisha akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo Bi Mkasi alivyozidi kuwa mtu kamili: mwenye miwani ya kushuka puani, mwenye kidole cha kuonya, mwenye viatu vinavyobana. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba pale alikuwa anaigiza, na anaigiza vizuri.

Mwaka uliotangulia wifi huyo aliponea chupuchupu. Alifanyiwa upasuaji wa tumbo, mambo yakaenda kombo, akalala hospitali bila kufumbua jicho kwa muda uliowamaliza wote nguvu. Bi Mkasi alikaa kando ya kitanda kile kwa zamu na mama mkwe. Alimpangusa midomo kwa pamba yenye maji. Alimsikia daktari akisema kwa sauti ya chini kwamba jamaa wajiandae. Kisha wifi akaamka, akaomba uji, na baada ya muda akarudi kwenye cherehani yake kana kwamba alikuwa ametoka tu kununua uzi. Hakupenda kuulizwa habari zile. Ukimuuliza, alikuambia simama wima nikupime.

Alhamisi moja asubuhi waandishi waliitwa kutazama filamu mpya ya kutisha iliyoitwa *Chumba cha Baridi*. Sasa, Bi Mkasi alikuwa na siri ya pili, na hii hata mume wake hakuijua: aliogopa filamu za kutisha kama mtoto anavyoogopa sindano. Alikuwa na mbinu zake. Alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani, macho kwenye pembe ya chini ya pazia la sinema ambako mara nyingi hakuna kinachotokea. Woga ukimzidi, alitoka nje. Na akishatoka aliandika mzaha, kwa sababu alishajua kwamba msomaji akiona kejeli anadhani ni ujasiri.

Filamu ile ilianza polepole. Mlinzi wa chumba cha maiti yuko peke yake na mwili mmoja wa mwanamke, umefunikwa shuka jeupe. Anafagia. Bomba linadondosha maji. Anafungua redio, anaizima. Hapakuwa na muziki, hapakuwa na mtu wa kuruka kutoka kabatini, na Bi Mkasi alianza hata kutulia. Mlinzi akageuka kutundika ufagio. Nyuma yake, pale kifuani, shuka likainuka. Kidogo tu, kama kitambaa kinavyoinuliwa na upepo. Likashuka. Likainuka tena.

Mwili wote ulimsisimka. Mkoba ulimwanguka, akauokota, akatoka akigonga magoti ya watu bila hata kuomba samahani, na hakusimama mpaka alipofika kwenye mgahawa wa jirani. Aliagiza maji. Mikono ilimtetemeka hata chupa ikawa inagongana na bilauri. Mhudumu alimtazama kwa jicho la pembe akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alijibu, na kwa kuona aibu mbele ya mhudumu yule, akatoa simu na kuanza kuandika.

"*Chumba cha Baridi*: Inatisha kweli, maana maiti anapumua! Kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyeshiba. Mwongozaji, kama umekosa maiti, lete gogo. Na yule mwanamke uliyemlaza pale, mwambie achague moja: ajifunze kuigiza, au afe kweli."

Aliisoma, akacheka peke yake, na mikono ikaacha kutetemeka. Mhariri alipoipokea alipiga meza kwa kiganja. "Huyu ndiye Bi Mkasi ninayemjua mimi!" Akayachukua yale maneno ya mwisho akayafanya kichwa cha kisanduku kizima. Hakuuliza kama alitazama filamu hadi mwisho, na yeye hakusema.

Ijumaa jioni wifi alipiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu anayeficha kitu nyuma ya mgongo.

"Wifi, Jumapili mchana msipange safari. Nimewanunulia tiketi za sinema, nyinyi na mama. Kuna kitu nataka mkione."

"Filamu gani?"

"*Chumba cha Baridi*."

"Hiyo nasikia siyo nzuri."

"Umesikia wapi? Haijaanza hata kuonyeshwa."

"Watu wa ofisini wanasema tu."

"Nyinyi njooni," wifi alisema. "Nimeambiwa nisiseme zaidi."

Saa hiyo gazeti lilikuwa limeshaingia mtamboni. Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu kisanduku kile kianze, wifi hakuja kwa mama kukisoma kwa sauti ya puani. Bi Mkasi aliliona jambo hilo, akadhani ni shughuli nyingi za dukani, akalisahau.

Jumapili ukumbi ulijaa. Kumbe kisanduku kidogo kinaweza kuvuta watu namna ile. Walikuja kumwona maiti anayepumua. Mama mkwe alivaa gauni jipya aliloshonewa na binti yake. Wifi mwenyewe alikaa kiti cha mwisho wa mstari, kitambaa kimefungwa kichwani, hana poda, hana utani. Alipomsalimia Bi Mkasi alimshika mkono muda mrefu kuliko kawaida, na mkono wake ulikuwa baridi.

Filamu ikaanza. Mlinzi akafagia, bomba likadondosha maji, na hata kabla ya shuka kutikisika watu walianza kucheka kwa kungojea. Shuka lilipoinuka, ukumbi ulilipuka.

"Anapumua!"

"Leteni gogo!"

"Afe kweli! Bi Mkasi kasema afe kweli!"

Mume wake naye alicheka. Alimgusa kwa kiwiko gizani, kwa fahari, na Bi Mkasi akatabasamu. Hilo tabasamu lilikuja kumchoma baadaye kuliko hata maneno aliyoyaandika. Aligeuka kumtazama wifi, akitaraji kumkuta ameshika mbavu. Wifi alikuwa ameinama, mikono ameibana katikati ya magoti, anatazama sakafu.

Kelele hazikuisha upesi. Kila mara shuka lilipoinuka, palitokea mtu wa kutoa mzaha mpya, na maneno ya waigizaji yakazama humo. Wengine walipochoka kucheka waliondoka. Bi Mkasi naye angetoka, maana woga ulikuwa umeanza kumtambaa mgongoni kama siku ile, lakini mama mkwe alikuwa amemng'ang'ania mkono, kucha zimeingia. Basi akakaa, na macho yake, kwa kukosa pengine pa kwenda, yakatazama.

Ndipo akaelewa. Mwanamke wa kwenye shuka hakuwa amekufa. Mlinzi alijua hivyo tangu mwanzo, na alikuwa amegeuza mgongo makusudi. Kuna watu waliotaka mwanamke yule azikwe na kile alichokiona. Filamu nzima ilikuwa hiyo: mtu aliye hai, asiyeweza kuinua hata kidole, anawasikia ndugu zake wakilia nyuma ya mlango, anamsikia mumewe akichagua nguo atakayovishwa, na hana cha kuwaambia ila pumzi. Pumzi ile ndiyo ilikuwa hadithi. Aliyeitazama kwa utulivu angeiona mara moja, akaitilia shaka, akakaa nayo roho mkononi mpaka mwisho. Bi Mkasi alikuwa amemwaga siri yote kwenye gazeti, tena akaifanya mzaha.

Mwishoni mkono wa mtu unalivuta shuka. Uso unaonekana, mweupe kwa unga, midomo imekauka. Jicho moja linafumbuka polepole, na chozi linateleza kuelekea sikioni.

Mama mkwe alisimama. "Mwanangu!" alipaza sauti. "Huyo ni mwanangu!"

Taa zikawaka juu ya ukumbi uliokuwa nusu tupu. Mwanamke mmoja wa mbele alikuwa anajipangusa macho kwa ncha ya mtandio, na waliobaki walikaa kimya, wengine wakiinamisha vichwa. Bi Mkasi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliyekuwa amempangusa midomo ile kwa pamba ni yeye. Alimwona katika hali hiyohiyo, kitandani kweli, na hakumtambua, kwa sababu alikuwa ameshatoka mbio kwenda kutafuta neno la kuchekesha.

Mama mkwe alimkumbatia binti yake, akamshika mashavu, akamtazama kana kwamba anahakikisha. Kisha akauliza, "Sasa walikuwa wanacheka nini?"

"Kuna mtu aliandika gazetini, mama."

"Aliandika nini?"

"Kwamba nife kweli."

Mama mkwe aliwatazama wote mmoja mmoja, kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua na anangoja kutafsiriwa. "Huyo mtu ana mama kweli?" aliuliza.

Mume alitazama viatu vyake. Bi Mkasi alijikaza kisabuni, akamkumbatia wifi na kusema, "Umefanya vizuri sana," na maneno yale yakamtoka makavu, kama ya mtu anayesoma tangazo.

Walipofika nyumbani mume alifunga mlango, akasema, "Usimwambie. Itapita."

"Ulicheka," alimwambia.

"Na wewe uliandika."

Bi Mkasi alipika, wakala, na kila mmoja alikuwa na adabu za mgeni kwa mwenzake.

Katikati ya wiki wifi alimwita dukani. Alikuwa anapinda upindo wa gauni la bibi harusi, sindano midomoni, na alimwonyesha kiti kwa kidevu. Alipozitoa sindano alisema, "Wewe ndiye mwenye kalamu kwenye ukoo huu. Nataka uniandikie jibu kwa Bi Mkasi. Mimi nikiandika nitatukana."

Bi Mkasi alihisi masikio yanawaka moto. Angeweza kusema pale pale. Badala yake alitoa simu, akaifungua, akakaa tayari kama karani.

"Andika hivi," wifi alianza, mguu ukikanyaga cherehani kidogo kidogo. "Mwambie simlaumu kwa kusema siwezi kuigiza. Mimi ni fundi nguo. Mwongozaji alikuja kushonesha mavazi ya filamu, tukaongea, nikamweleza jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu. Umeandika?"

"Naandika."

"Nikamwambia kwamba nilipolala hospitali nilikuwa nasikia. Siyo yote. Lakini nilisikia daktari akisema jamaa wajiandae. Nilimsikia mama akiomba. Nilikusikia wewe, wifi, ukiniambia nisiende, na nilitaka kukujibu, nikawa najaribu kuvuta pumzi kwa nguvu ili mwone kifua." Aliacha kukanyaga. "Hilo usiliandike. Hilo nakwambia wewe tu. Muulize swali moja basi: alitoka ukumbini wakati gani? Maana aliyetazama mpaka mwisho hawezi kuandika vile. Hata kama hana huruma, hawezi."

Vidole vya Bi Mkasi vilikuwa vimesimama juu ya simu.

"Alitoka shuka lilipoinuka mara ya pili," alisema mwishowe.

Wifi aliinua macho. "Umejuaje?"

"Ni mimi."

Bibi mmoja mteja alikuwa amechungulia mlangoni. Akaona nyuso zao, akasema atarudi.

"Ni mimi, wifi. Niliogopa. Nilitoka natetemeka kama jani, mpaka mhudumu wa mgahawa akadhani naumwa. Niliona haya kwa woga wangu, ndiyo nikaandika yale. Uliniogopesha vibaya. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, na sikuiandika."

Alikuwa ameyapanga yale kichwani kwa siku kadhaa, na alidhani yakitoka yatamfariji mwenzake hata kidogo: kwamba aliigiza vizuri kiasi cha kumkimbiza mtu. Hayakumfariji. Wifi alilikunja gauni la bibi harusi, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kaka yangu anajua kuwa ndiye wewe?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Kwa hiyo Jumamosi zote zile nikisimama pale kwa mama, nakusoma mbele yako kama mwendawazimu, nyinyi wawili mlikuwa mnatazamana."

Bi Mkasi hakuwa na pa kuuweka uso. Hilo hakuwahi kulifikiria hata siku moja. Aliona ameficha jina tu, kumbe alikuwa amemkalisha wifi yake kwenye jukwaa na kumtazama bure.

"Nenda nyumbani," wifi alisema, bila kupandisha sauti. "Nina gauni la watu."

Kesho yake alimfuata mhariri, akamwambia anataka kuandika kwamba hakuitazama filamu ile, na kwamba anaomba radhi, tena kwa jina lake halisi. Mhariri alimcheka kwanza, kisha akakasirika. "Bi Mkasi haombi radhi. Ukiomba radhi leo, kesho nani ataamini hata moja uliloandika?" Walibishana mpaka wenzao wakaacha kuandika na kuanza kusikiliza. Mwisho aliruhusiwa mistari michache, ukurasa wa ndani, chini ya matangazo ya nyumba za kupanga. Kisanduku akapewa mtu mwingine. Yeye alibaki na meza yake kati ya kabati na dirisha, na waandishi wale wale ambao zamani walimpongeza kwenye ngazi sasa walimpisha bila neno.

Filamu ilikuwa imeshaondolewa ukumbini. Watu waliona hakuna haja ya kutazama kitu ambacho wameshakicheka.

Mama mkwe aliambiwa, na hakugomba. Afadhali angegomba. Alianza tu kumwita kwa jina lile mbele ya wageni, kwa upole kabisa: "Mletee chai Bi Mkasi. Bi Mkasi, sogea upate nafasi." Wageni wasiojua walidhani ni jina la utani la mapenzi. Naye aliitikia, akasogea, akanywa chai yake.

Wifi alimsalimia walipokutana, alimuulizia afya, lakini hakumshonea nguo tena. Ikawa hivyo mpaka msimu wa mvua ukaisha. Ndipo jioni moja, kabla hata taa hazijawashwa, akaja nyumbani na karatasi zilizobanwa kwa pini. Mwongozaji yule alikuwa anatengeneza filamu ya maisha ya watu, na safari hii wifi alipewa maneno ya kusema, mengi.

"Kaka anasoma kama anaita majina darasani," alisema, akiwa bado amesimama. "Mama haoni maandishi. Nahitaji mtu wa kunisomea upande wa pili. Wewe ni jirani mwenye husuda. Soma tu. Usiniambie lolote, zuri wala baya."

"Sitasema," alisema Bi Mkasi.

Wakakaa, wakasoma. Wifi alikuwa mama aliyefukuzwa nyumbani kwake, na sauti yake ilipanda na kushuka kwa namna iliyomfanya Bi Mkasi apoteze mstari mara mbili tatu. Maoni yalimjia yenyewe, kwa mazoea, mafupi na yaliyonolewa, mengi yakiwa ya sifa. Aliyameza yote. Alisoma maneno ya jirani mwenye husuda kwa sauti bapa, akikwama penye mkato, akigeuza kurasa kwa kidole kilicholowa jasho.

Walipofika mwisho wifi alizikusanya karatasi, akazigonga mezani zilingane.

"Wewe huwezi kuigiza kabisa," alisema.

"Siwezi," alikubali, na uso wote ukamwaka.

"Kesho saa kumi na moja nitakuwa nimefunga duka. Njoo kule, hapa kuna joto." Akafungua mlango, akashuka ngazi.